Udongo wa Kijivu Kwenye Stendi

Jumanne, 5 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha. Kidogo tu, ya kulaza vumbi, lakini Moeketsi amerudi kutoka mlimani pikipiki ikiwa na matope mpaka kwenye taa. Nimemwambia, "Uliondoka na pikipiki, umerudi na ng'ombe." Akasema, "Basi mkamue, mke wangu, mimi nimechoka."

Ndipo nimeamua kuandika. Daftari hili ni la kidato cha pili, kurasa za nyuma zilibaki tupu nilipoacha shule. Nitaandika mvua hizi zote mpaka mtoto aliye tumboni atoke. Nesi amesema atatoka mwezi wa tatu. Wa kwanza, Mosa, ana miaka miwili, na sasa hivi ninapoandika anakula sabuni.

Moeketsi hubeba dawa na chupa za damu za wagonjwa kati ya hospitali ya bondeni na kliniki za mlimani, Jumanne na Ijumaa. Gari halifiki huko. Pikipiki si yake, ni ya ofisi ya afya, na amri ni moja: hailali chafu. Zamani aliiosha mwenyewe. Tangu Mosa azaliwe nimeichukua kazi hiyo mimi, maana yeye huosha uso tu, kama paka.

Kwanza naiacha ipoe. Naziba bomba la moshi kwa kitambaa. Chini ya kiti kuna kisanduku cha chujio la hewa, pale pikipiki inapovutia pumzi, nacho nakiziba mdomo. Kisha nakwangua matope kwa kijiti bapa: chini ya madigadi, halafu spoki moja moja, halafu katikati ya mapezi ya injini, taratibu, kama unavyomwosha mtoto masikio. Maji huja mwisho. Anayeanza na maji anapika uji.

Na matope siyatupi. Hapo ndipo mama mkwe anaponicheka. Nayatenga kwenye mabeseni mabovu kwa rangi zake: mekundu ya hapa Ha Seotsa, meusi ya vinamasi vya juu, ya manjano ya kona ya machimbo. Yakikauka natwanga, nachekecha, nachanganya na samadi, nachora ukuta wa nyumba yetu kwa vidole. Kwetu mwanamke anajulikana kwa ukuta wake. Mama mkwe anasema, "Wenzako wanachimba udongo. Wewe unasubiri uletewe na pikipiki kama barua."

Ijumaa, 8 Novemba

Meusi na mekundu. Mosa amemeza kokoto. Imetoka.

Jumapili, 17 Novemba

Leo kanisani wamebatiza mtoto wa jirani. Bibi yake mzaa mama alikuja kwa farasi, amevaa blanketi jipya, akambeba mjukuu ibada nzima hakumwachia mtu. Nilitoka nje nikajifanya Mosa anataka haja.

Acha niandike. Kwetu ni Phororong, kijiji kilicho chini ya kliniki anayoendea Moeketsi kila Ijumaa. Yeye hupita njia ya juu, ya mawe. Mimi sipiti kabisa, huu mwaka wa tatu.

Kosa lilikuwa hivi. Mtu akija kwa watu na farasi, anashuka mbali kabla ya zizi, anashika hatamu, anasimama mpaka mwenyewe amwambie "Amani." Hata mtoto anajua. Moeketsi aliponijia mara ya kwanza alikuwa kijana mwenye pikipiki mpya, akasahau kwamba na pikipiki nayo ni farasi. Aliingia nayo mpaka kwenye lango la zizi, injini inanguruma, kondoo wanatawanyika, akamsalimia baba yangu akiwa amekaa. Baba amesimama, yeye amekaa! Baba hakusema "Amani." Aligeuka akaingia ndani.

Baadaye nikatoroka naye, kama wengi wanavyofanya, nikidhani wazee watayatengeneza kama wanavyoyatengeneza siku zote. Wazee wa kina Moeketsi walipokwenda kuomba radhi na kuzungumza habari ya mahari, baba akawajibu: "Ng'ombe wenu kaeni nao. Puseletso asipite mbele ya zizi langu mpaka huyo mtu ajue kushuka. Na kati ya nyumba hizi mbili kisiende kitu, kisije kitu."

Puseletso ni mimi. Huku naitwa Mamosa, jina nililopewa na mama mkwe siku nilipofika, kabla hata mimba ya Mosa haijaingia.

Mosa alipozaliwa hakuja mtu kutoka kwetu. Na habari ya mtoto huletwa kwa baba yake na watu wa upande wa mke: akiwa wa kiume, baba anashtukia fimbo ya mgongo, akiwa wa kike, anashtukia kumwagiwa maji. Moeketsi alichapwa fimbo na mama yake mwenyewe. Mbele za watu alicheka. Jioni nilimwona nyuma ya nyumba, hacheki tena, anachora chini kwa kijiti.

Mtoto huyu wa pili nataka nimzalie kwa mama yangu. Nimeshaandika. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 26 Novemba

Nimemwambia, kwa kuzunguka. Alikuwa anakula, mimi nasugua mnyororo kwa mafuta ya taa.

"Ukipita Phororong, mama yangu huwa unamwona?"

"Mimi napita juu."

"Juu si unaona chini?"

"Naona mapaa."

"Paa la kwetu liko vipi?"

"Ni nyasi, Mamosa. Liko kama nyasi."

Nikaurudia mnyororo. Baadaye kidogo nikasema labda angekwenda mwenyewe kwa baba. Aliweka sahani chini. "Wazee watatu wamekwenda kuninyenyekelea kwa baba yako. Anataka nishuke mpaka wapi, kaburini?" Akaenda kumtazama farasi wa jirani, ambaye hana shida yoyote.

Kiburi. Nimeolewa na kiburi chenye meno meupe.

Jumamosi, 30 Novemba

Mvua ya mawe. Mboga zimelala zote.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimeona kitu.

Pikipiki imekuja na matope yake ya kawaida, meusi juu ya mekundu. Lakini nilipokunjua stendi niifute, kwenye mguu wake palikuwa na udongo wa kijivu. Laini, hauna mchanga, unateleza vidoleni kama siagi. Nimeunusa. Nimeuweka ulimini. Ni udongo wa kivukoni, chini ya Phororong, pale mama anapochimba wa kupaka ukutani. Nimeubeba kichwani utoto wangu wote. Njia ya juu hauko. Kokote hauko.

Magurudumu husahau, matope ya mbele yanafuta ya nyuma. Stendi haisahau, yenyewe inagusa chini pale tu unaposimama. Na ilikuwa imezama vidole vitatu, maana yake alisimama muda mrefu.

Pale kivukoni kuna nyumba moja tu, ya Khahliso. Tulisoma naye. Anapika pombe, ni mzuri, anacheka kwa shingo.

Sikuuliza. Nimeuweka udongo huo kwenye kopo peke yake.

Ijumaa, 13 Desemba

Kijivu. Vidole vitatu.

Nimeunguza ugali. Moeketsi ameula wote na kusema una ladha ya moshi wa sherehe. Angenung'unika ningejua la kufanya.

Ijumaa, 20 Desemba

Kijivu tena. Nilikuwa nimechuchumaa naitazama stendi, tumbo magotini, mama mkwe akaja na beseni la maharage.

"Vipi, unaisomea misa?"

Nikamwambia. Sijui kwa nini nilimwambia yeye, mtu ambaye tangu nifike anasema chumvi yangu haina akili. Nilisema udongo ni wa wapi, na nani anakaa pale. Nikalia kidogo.

Akakaa juu ya ndoo. Akachambua maharage, kisha akasema, "Mwanamume anayekwenda kwa mwanamke hunawa, Mamosa. Huyu mwanangu anarudi na nyasi matakoni. Ijumaa ile nilimgongagongea viatu, vimejaa mavi ya kondoo. Khahliso ana kondoo?"

"Hana."

"Basi." Akainuka, mkono kiunoni. "Mwenye kondoo unamjua wewe. Na usinililie juu ya maharage, yatachelewa kuiva."

Usingizi hauji kwa kuwaza. Baba ana kondoo. Lakini sitaki kutumaini haraka, tumaini la haraka hukwaruza.

Jumatano, 25 Desemba

Kuku, mchele, bia ya mtama. Moeketsi amecheza na Mosa begani mpaka mama mkwe akasema, "Mteremshe mtoto, utamtapisha kuku wa watu." Nimemtazama sana mume wangu leo. Akanikamata namtazama. "Nini?" "Hakuna." "Una macho ya kutaka blanketi jipya." "Sitaki blanketi."

Ijumaa, 3 Januari

Leo niandike yote.

Imenyesha tangu asubuhi. Pikipiki ilirudi kama kichuguu. Niliziba ninapoziba, nikaanza chini ya madigadi ya nyuma. Nje, tope jeusi. Nikakwangua. Ndani kabisa, juu, pale ambapo gurudumu halifiki, kijiti kikagota kitu kizima.

Ni donge la udongo wa kijivu, kubwa kama mkate. Halina jani, halina jiwe. Udongo wa njiani hauwi hivyo. Huo umechekechwa na mtu, ukakandwa na mtu, ukabandikwa pale kwa kiganja. Na juu yake kulikuwa na mistari minne ya vidole, inapinda kulia, halafu minne inapinda kushoto, kama shamba lililolimwa.

Huo ni mchoro wa mama. Kidole chake cha pete kilivunjwa na mlango zamani, hakinyooki, kwa hiyo mstari wa tatu huwa unayumba. Mstari wa tatu ulikuwa unayumba.

Nilikaa kwenye matope. Mosa akaja akakaa pia, akidhani ni mchezo.

Moeketsi alipotoka kunawa nilimwonyesha. Akaufuta uso kwa mkono, akakaa upande wangu wa pili, tukawa watatu kwenye matope kama bata.

"Mimi sikuuona huo," akasema. "Nakuapia."

"Lakini unasimama kivukoni."

"Nasimama."

"Unafanya nini?"

Akachukua kijiti changu. "Nikishapeleka dawa juu, nateremka kwa njia ya ng'ombe. Naacha pikipiki kivukoni, ili hata mlio wake usimfikie. Napanda kwa miguu. Nasimama nje ya zizi la baba yako, nasubiri."

"Anakwambia nini?"

"Hakuna. Anatengeneza ua, anakata kwato za kondoo, anapita. Siku ya kwanza nilisimama mpaka miguu ikafa, sasa nakaa kwenye nyasi. Na kwa kuwa hakuna anayenijibu, naongea na ukuta wa zizi."

"Unauambia nini ukuta?"

"Habari zenu. Mosa ameota jino. Mosa amemeza kokoto. Puseletso ndiye anayeosha pikipiki hii, na matope yake anachorea nyumba. Halafu naondoka."

Jiko la mama liko upande wa pili wa ukuta ule. Hatua chache tu. Yaani mama alikuwa anasikia. Kila Ijumaa alikuwa anapika na anasikia. Na mume wangu akiwa amekaa pale juu, yeye akashuka kivukoni na donge lake.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Baba yako anaweza asiseme kitu milele. Sikutaka mtoto aliye tumboni aanze kusubiri pamoja nami."

Na mimi nilimwita kiburi.

Jumamosi, 4 Januari

Nimepaka udongo wa mama juu ya mlango. Mama mkwe ametazama, akatazama. "Huu ndio udongo," akasema. Hajawahi kusifu kitu changu.

Jumatano, 8 Januari

Nimemwomba Moeketsi ampelekee mama kitu. Kitu kidogo. Amekataa. "Baba yako alisema kisiende kitu. Mimi nakwenda pale kujifunza kushuka, Mamosa. Siwezi kushuka huku naiba."

Ana haki. Lakini mama ameiba. Mtoto wa mwizi afanyeje?

Alhamisi, 16 Januari

Nimechukua udongo uliobaki nikautandaza kama kitumbua, nikamshika Mosa mkono nikaugandamiza. Kiganja, vidole vitano, kila kimoja na kishimo chake. Mara ya kwanza alipiga ngumi. Mara ya pili alilamba. Ya tatu imetoka vizuri. Nimeukausha kando ya moto wa samadi tangu asubuhi, umekuwa mgumu kama kigae.

Nimeufunga kwenye kitambaa. Pa kuuweka palinisumbua. Chini ya madigadi maji yataula. Kwenye sanduku la dawa Moeketsi atauona. Kuna mahali pamoja tu kwenye pikipiki pasipoingia maji, chini ya kiti, kisanduku cha chujio. Mama ana macho, na kiti kinafunguka kwa ufunguo mmoja mdogo unaoning'inia palepale. Atapekua.

Nimeuingiza. Umekaa vizuri kabisa.

Ijumaa, 17 Januari

Mvua kubwa. Ameondoka akiimba.

Jioni. Bado.

Jumamosi, 18 Januari

Hajarudi. Mito yote imejaa, mchungaji mmoja aliyeteremka amesema njia ya juu imefunikwa na maji. Simu yake haipatikani, lakini kule huwa haipatikani.

Mama mkwe amekuja na kigoda chake akakaa mlangoni kwangu. Alisema, "Huyo alizaliwa miguu mbele. Hata kuja duniani alikuja kwa njia mbaya, na akafika." Alinisukia nywele. Akafumua, akasuka tena.

Nimekaa nawaza kisanduku kile. Nawaza kwamba nikiosha, naziba mdomo wake kwa kitambaa ili maji yasiingie, na nikimaliza jambo la kwanza ni kukitoa, kwa kuwa pikipiki haipumui. Nimefanya hivyo mara ngapi? Na juzi nimeweka kitambaa kwa mikono yangu nikakiacha humo.

Mungu wangu. Nimeiziba pumzi.

Jumapili, 19 Januari

Amerudi. Niliona farasi wa kijivu anakuja kwenye kilima. Mbali kabisa, kabla ya zizi letu, mpandaji akashuka. Akashika hatamu. Akaja kwa miguu. Nilimjua farasi kabla ya kumjua mtu. Ni farasi wa baba yangu, na mtu ni mume wangu, amevaa blanketi la baba yangu.

Nilikimbia na tumbo hili. Nikaanza kusema kabla hajasalimia, "Ni mimi, ni kitambaa, nilikiweka mimi." Akasema, "Najua. Nimekiona. Ngoja ninywe uji kwanza."

Alikunywa bakuli mbili za uji mchachu ndipo akasimulia, mama mkwe na mimi tumemkodolea macho.

Pikipiki ilianza kukohoa alipokaribia kivuko. Ikavuta, ikakosa, ikazima. Alikuwa na sanduku la dawa mgongoni, za wagonjwa wa kifua, wanaosubiri dozi. Njia ya juu ilikuwa mto, ndiyo maana alikuwa ameshika ya chini. Iliyobaki ni moja, ile ya kijijini, inayopita mbele ya zizi. Basi akaikokota. Mlima ule, matope ya magoti, mvua ya kupiga.

"Baba yako alikuwa anaingiza kondoo," akasema. "Akaniona. Nikasimama. Nimeshika usukani huku na huku, kama hatamu. Nikasema moyoni, leo sina hata nguvu ya kuongea na ukuta. Mvua inatunyeshea wote wawili. Akaitazama pikipiki, akanitazama mimi, matope mpaka kwenye nyusi. Halafu akasema, 'Amani.'"

Mama mkwe akashika mdomo.

"Nikamjibu, 'Amani, baba.' Akauliza, 'Amekufa?' Nikasema, 'Amekufa, baba.' 'Na mgongoni?' 'Dawa za kliniki.' Akasema, 'Huyo maiti mwingize zizini. Chukua farasi, dawa hazingoji mvua.' Ndivyo hivyo. Sikuongeza neno nisije nikaliharibu."

Alipeleka dawa, akarudi kwa farasi, akashuka mbali. Mto ulikuwa umefunga, akalala kwetu mpaka leo. Jana asubuhi, pikipiki ikiwa bado haiwaki, akaifungua zizini, baba amesimama juu yake na fimbo, mama mlangoni. Chini ya kiti akakuta kitambaa kimenyonywa kimeziba mdomo wa chujio, na ndani yake udongo, nusu uji, nusu kigae.

"Baba yako akauliza, 'Ni nini hiyo?' Nikasema sijui, na kweli sikujua. Nikaufungua. Umebaki na kiganja na vidole vinne. Akauchukua. Akaugeuza. 'Mkono wa nani huu?' Nikasema, 'Wa Mosa.' Mama yako akaingia ndani haraka. Yeye akasimama tu, ameweka kiganja chake kikubwa chini ya kile kidogo. Halafu akauliza, kwa ukali, 'Gumba liko wapi?' Nikasema, 'Pikipiki imelila, baba.' Akasema, 'Kumbe inakula hata watoto.' Akatia kile kipande ndani ya blanketi lake. Akaniambia, 'Farasi utamrudisha. Na umlete mwenye mkono, nihesabu vidole mwenyewe.'"

Mama mkwe alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikuweza kutofautisha.

Tulipobaki wawili nilisema, "Wagonjwa wangekosa dawa kwa sababu yangu."

"Wangekosa." Hakunipunguzia. "Usifanye tena, Mamosa. Chochote unachotaka kupeleka, nipe mimi mkononi, tugombane."

"Sifanyi tena."

"Haya." Akanivuta kichwa begani kwake. Alinuka kondoo na farasi na baba yangu.

Jumamosi, 1 Februari

Tumekwenda. Mvua imetupa siku moja kavu. Mimi juu ya farasi na Mosa mbele yangu, Moeketsi kwa miguu ameshika hatamu. Mama mkwe alitufungia pichi mbivu kwenye nguo na kunipa maneno: "Uzae salama, urudi. Nimeshaizoea chumvi yako."

Kivukoni niliona alama za stendi kwenye udongo wa kijivu, mashimo madogo madogo, Ijumaa juu ya Ijumaa, mengine yamejaa maji.

Tulipokaribia zizi nilisema, "Nishushe." Moeketsi akanipa mikono. Sauti ikatoka langoni, "Mwache hapo."

Baba. Amekuwa mfupi, sijui amefupishwa na nini. Alikuja akashika hatamu kutoka mkononi mwa Moeketsi, akaitazama njia, siyo mimi.

"Mwenye mimba hashuki," akasema, akamwongoza farasi taratibu, akapita nami mbele ya zizi mpaka kwenye mlango wa mama.

Pale akamteremsha Mosa. Akamshika mkono, akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Kwenye gumba akasita. "Tano," akasema Mosa, ambaye hajui kuhesabu, amelisikia tu sijui wapi.

Mama alitoka mlangoni. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, na ilikuwa na udongo.

Ijumaa, 14 Februari

Nakaa kwa mama mpaka nijifungue, kama inavyotakiwa. Moeketsi anakuja Ijumaa. Bado anaacha pikipiki kivukoni, ingawa baba ameshamwambia mara mbili kondoo wameizoea. Leo mimi na mama tumeshuka tukaiosha mtoni. Nimemwonyesha mahali pa kuziba na mahali pa kuzibua. Anakwangua kwa kucha. "Miaka mitatu nachimba udongo," akasema, "kumbe ungetembea wenyewe."

Ijumaa, 7 Machi

Miguu imevimba. Baba amemfundisha Mosa kupiga mluzi wa kondoo. Sasa tunaitwa kwenye chakula kwa mluzi.

Jumamosi, 22 Machi

Naandikia kitandani, nimelala ubavu.

Amezaliwa jana alfajiri, kliniki ya hapo juu, nesi na mama wakinishika. Wa kike. Nje ilikuwa inanyesha mvua ya mwisho mwisho, ile isiyo na haraka, kwa hiyo jina amejiletea mwenyewe: Pulane, mtoto wa mvua. Mchana gari la nyati, hivyo baba anavyoliita gari la kukokotwa na maksai, limeniteremsha taratibu mpaka nyumbani. Wameweka matete juu ya mlango, alama kwamba mwanamume haingii.

Ilikuwa Ijumaa. Moeketsi alikuwa hajui; alipopeleka dawa kliniki tulikuwa tumeshateremka, na mama alikuwa amemkataza nesi kusema. Alifika kivukoni alasiri, akaona pikipiki imejaa matope, akaanza kuiosha mwenyewe palepale ili nisipewe kazi. Kumwaga maji ni kazi ya wasichana, na binamu zangu walikuwa tayari wamejaza ndoo wanacheka. Baba akasema, "Leteni." Wakadhani anatania. Akaichukua ndoo, akashuka kwa miguu mpaka kivukoni, mzee yule, bila kufunika na bila kumwaga tone.

Mimi nilikuwa ndani, sikuona. Upepo ulinipandishia ukelele mmoja wa mwanamume mzima, halafu binamu zangu wanapiga vigelegele, halafu kitu ambacho sijakisikia tangu niwe mdogo, baba yangu anacheka kwa sauti.

Baadaye hatua zikapanda, viatu vinalia maji. Zikasimama nje ya ukuta wangu. Mama alikuwa ameupaka upya, kijivu, mistari minne na minne, bado unyevu.

Akaanza kusema polepole, mdomo karibu na ukuta, kama alivyozoea. "Habari ni hizi. Mosa leo ameangusha ndoo ya maziwa. Pikipiki ni safi. Nimelowa mpaka kwenye soksi, na nasikia ni binti."

"Ni binti," nikasema. "Ana masikio yako. Vidole vyote vipo."

Nikasikia ameweka kiganja ukutani, udongo ukatoa kile kisauti chake kidogo.

"Ee, Mama," akasema, akiitia jikoni. "Njoo usikie. Ukuta umejibu."